Kwa nini wanafunzi wa vyuo hukubali kusomea kwenye simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na wahadhiri, watengenezaji wa programu, maofisa wa TEHAMA vyuoni na wanafunzi wenyewe. Mifano mingi ni ya vyuo vikuu vya Tanzania, na pale ambapo jibu limekwisha kutolewa katika swali jingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Programu za kujifunzia kwa simu ni zipi hasa?

Ni za aina tatu, na inafaa zitenganishwe tangu mwanzo kwa kuwa mambo yanayomfanya mwanafunzi azikubali hayafanani. Aina ya kwanza ni mfumo wa chuo chenyewe, ambao katika vyuo vingi vya Tanzania, vikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, umejengwa juu ya Moodle, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na ambayo ina toleo lake la simu. Aina ya pili ni majukwaa ya nje kama Coursera, edX na Khan Academy, ambayo mwanafunzi huyatafuta mwenyewe bila kuagizwa na mtu. Ya tatu ni programu ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya masomo lakini hubeba masomo kila siku: WhatsApp, Telegram na YouTube. Anayechunguza usomaji wa simu akaliacha kundi hili la tatu, atakuwa ameacha nje sehemu kubwa ya usomaji wenyewe.

2. Ni nini humsukuma zaidi mwanafunzi kuanza kutumia programu hizi?

Ni faida anayoiona kwenye matokeo yake. Kabla ya kuipa programu nafasi kwenye simu, mwanafunzi hujiuliza kama itamsaidia kufaulu, kukusanya kazi kwa wakati au kupata kitu ambacho asingekipata kwingine. Wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, mhadhiri akitangaza kwamba mitihani ya miaka iliyopita imewekwa kwenye mfumo, utaona waliokwisha kusahau nenosiri lao tangu mwaka wa kwanza wakipanga foleni kwenye ofisi ya TEHAMA ili wabadilishiwe. Hakuna semina ya uhamasishaji inayoweza kufanya kazi hiyo kwa siku moja.

Baada ya faida hufuata mhadhiri (swali la 8), wanafunzi wenzake (swali la 9) na gharama ya bando (swali la 5). Wepesi wa kuitumia programu una uzito wake, lakini programu ngumu yenye mitihani ya nyuma itatumika kuliko programu nyepesi isiyo na kitu.

3. Je, vijana hawatumii programu hizi kwa sababu tu wanapenda teknolojia?

Hapana, na dhana hii imeharibu mipango mingi. Kijana anayehariri video kwa ustadi anaweza kushindwa kabisa kubadilisha faili la Word kuwa PDF au kujua kama kazi aliyoituma imepokelewa. Isitoshe, shule za sekondari nchini Tanzania kwa kawaida haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na wapo wanaofika mwaka wa kwanza wakiwa hawajawahi kumiliki simu janja kwa muda wa kutosha kuizoea. Chuo kinachofuta mafunzo ya wiki ya kwanza kwa hoja kwamba vijana wa siku hizi wanajua kila kitu huwaacha nyuma wale wale waliohitaji msaada.

4. Watafiti wanalielezaje jambo hili?

Kielelezo kinachotumiwa zaidi ni kile cha Fred Davis cha mwaka 1989, ambacho husema kwamba mtu huikubali teknolojia kwa kadiri anavyoiona kuwa na manufaa na kwa kadiri anavyoiona kuwa rahisi. Davis mwenyewe aligundua kwamba manufaa yanahusiana na matumizi kwa nguvu zaidi kuliko urahisi. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, waliunganisha vielelezo kadhaa na kubakiza nguzo nne: matarajio ya ufanisi (kwamba teknolojia itamsaidia), matarajio ya juhudi (kwamba haitamsumbua), ushawishi wa watu wanaomzunguka mtumiaji, na mazingira wezeshi kama vifaa na msaada wa kiufundi. Mwaka 2012 zikaongezwa tatu, yaani burudani, thamani ikilinganishwa na bei, na mazoea.

Vielelezo hivi vinasaidia kupanga mawazo, ila visomwe kwa tahadhari. Kwa kawaida hupimwa kwa madodoso yanayouliza kama mwanafunzi ana nia ya kutumia programu, na nia iliyoandikwa kwenye dodoso, hasa dodoso lililojazwa darasani mhadhiri akiwa amesimama mbele, si sawa na kuingia kwenye mfumo usiku wa saa nne ukiwa na MB 80 zilizobaki.

## Bando, mtandao na simu yenyewe

5. Gharama ya bando ina uzito gani?

Ina uzito mkubwa kuliko wanavyodhani wanaopanga masomo wakiwa kwenye mtandao wa ofisi. Tufanye hesabu. Video ya kiwango cha chini, inayotumia kilobiti 500 kwa sekunde, hula takriban MB 225 kwa saa. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenye saa nne za video kwa wiki anahitaji karibu MB 900, ilhali angesikiliza mihadhara hiyo kwa sauti, huku kurasa za mhadhara zikiwa kwenye faili dogo la PDF, angetumia kiasi kisichozidi sehemu ndogo ya hapo.

Kwa anayeishi kwa fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita boom, tofauti hiyo hulipwa kwa chakula. Ndiyo maana matumizi hupanda boom linapoingia na kushuka linapokaribia kuisha, na ndiyo maana wapo wanaokesha kusubiri bando la usiku ili wapakue video zote kwa mkupuo. Mhadhiri anayeona kwamba nusu ya darasa haijafungua video yake asiharakishe kuwaita wavivu. Aangalie kwanza faili lina ukubwa gani.

6. Kwa nini Wi-Fi ya chuo isitatue tatizo hilo?

Hulitatua kwa sehemu, kwa wale walio karibu nayo na kwa saa ambazo si za msongamano. Mchana, vimbweta, yaani meza na viti vya nje vya kusomea, vilivyo karibu na maktaba huwa vimejaa kwa sababu hapo ndipo mawimbi yanaposhika, na wote wakiwa wanapakua kwa pamoja, kasi hushuka. Wanaopanga vyumba mtaani, mathalani Sinza au Changanyikeni kwa wa Dar es Salaam, huiacha Wi-Fi hiyo nyuma yao kila jioni, na jioni ndipo muda wa kusoma unapopatikana.

7. Simu ya bei nafuu inatosha?

Kwa kusoma, kusikiliza na kufanya majaribio mafupi, inatosha. Shida huanzia kwenye nafasi. Simu yenye hifadhi ya GB 32 iliyojaa picha na video za WhatsApp hulazimisha uchaguzi, na katika uchaguzi huo programu ya chuo inaweza kufutwa leo na kurudishwa wiki ya mtihani. Wengine hawaiweki kabisa. Huingia kwenye mfumo kupitia kivinjari, jambo ambalo lina maana kwamba idadi ya waliopakua programu haielezi idadi ya wanaosoma.

Kinachowashawishi wenye simu ndogo ni uwezo wa kusoma bila mtandao. Programu ya Moodle humruhusu mwanafunzi kupakua maudhui ya somo, akayasoma ndani ya daladala, na yale aliyoyafanya yakapelekwa kwenye mfumo atakapopata mtandao. Inasikitisha kwamba wengi hawaambiwi kama jambo hili lipo. Kuandika insha ndefu au kufanya hesabu za jedwali kwenye kioo cha inchi sita, hata hivyo, ni adhabu, na kompyuta za maktaba hazijapoteza kazi yake.

## Watu wanaomzunguka mwanafunzi

8. Mhadhiri ana nafasi gani?

Nafasi ya kwanza miongoni mwa watu wanaomzunguka mwanafunzi. Utamaduni wa vyuo vyetu ni huu: mhadhiri huacha nakala moja ya kitini kwenye duka la steshenari nje ya geti, darasa zima hupiga fotokopi, na madesa, yaani nakala za maelezo ya somo, hupatikana hapo mpaka mwisho wa muhula. Mhadhiri akiendelea na utaratibu huo huku akipakia kitini hicho hicho kwenye mfumo, mwanafunzi hana haja ya mfumo. Atakayeutumia mfumo kwa jambo ambalo fotokopi haiwezi kulifanya, kama kurudisha alama zenye maelezo ya makosa ndani ya siku chache au kuweka jaribio la kujipima ambalo majibu yake huonekana papo hapo, huyo hupata wanafunzi bila kuwabembeleza.

Kuna upande wa pili usiosemwa sana. Mhadhiri ambaye mwenyewe haingii kwenye mfumo hujulikana. Swali likikaa kwenye jukwaa la majadiliano kwa wiki tatu bila jibu, aliyeliuliza hatauliza la pili, na waliokuwa wakisubiri kuona litajibiwaje huondoka pamoja naye.

9. Kwa nini wanafunzi hupendelea kundi la WhatsApp kuliko mfumo wa chuo?

Kwa sababu kundi huwafuata walipo. Hakuna nenosiri la pili la kukumbuka, ujumbe huingia wenyewe, na mabando ya mitandao ya kijamii huwa nafuu. Kiongozi wa darasa, yule wanayemwita CR, akituma PDF saa mbili usiku, saa tatu kila mtu anayo. Zaidi ya hayo kuna hofu ya kuonekana mjinga: swali ambalo mwanafunzi hathubutu kuliandika mahali ambapo mhadhiri analiona, ataliuliza kundini kwa ujumbe wa sauti, na aliyelielewa atamjibu.

Udhaifu wake ni kwamba kundi halina kumbukumbu nzuri. Tarehe ya jaribio hufukiwa chini ya salamu za siku ya kuzaliwa na matangazo ya chumba cha kupangisha. Kwa maoni yangu, chuo kinachopigana na kundi la WhatsApp kinapoteza muda. Afadhali kundi litumike kupeleka taarifa, na kiungo kilichomo ndani yake kimfikishe mwanafunzi kwenye mfumo ambako maudhui yamepangwa.

10. Lugha ina mchango wowote?

Unao, na hutajwa mara chache mno. Nchini Tanzania mwanafunzi husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia kuanzia sekondari hadi chuo kikuu. Mhadhara hutolewa kwa Kiingereza, mtihani huandikwa kwa Kiingereza, lakini kuelewa hutokea mara nyingi kwa Kiswahili, pale mwenzako anapokufafanulia mgawanyo wa kawaida wa takwimu au sheria ya mikataba kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Hii ni sababu nyingine ya nguvu ya makundi yaliyoelezwa katika swali la 9. Programu itakayoweka ufafanuzi wa Kiswahili kando ya maudhui ya Kiingereza itakuwa imegusa haja ambayo kwa sasa wanafunzi hujitimizia wenyewe.

## Kuendelea au kuacha

11. Mbona wengi huanza kwa bidii kisha huacha?

Kuanza na kuendelea ni mambo mawili. Mtafiti Anol Bhattacherjee alionyesha mwaka 2001 kwamba anayeendelea kutumia mfumo hufanya hivyo kwa sababu alichokipata kimethibitisha alichokitarajia na kumridhisha. Mwanafunzi aliyeahidiwa urahisi akapata usumbufu huondoka, hata kama hapo mwanzo alikuwa na hamu.

Usumbufu unaokumbukwa zaidi ni wa saa 5:59 usiku. Kazi inatakiwa kabla ya saa sita, darasa zima linapakia kwa wakati mmoja, alama ya duara inazunguka kwenye kioo, na mwanafunzi anapiga picha ya skrini ili kesho apate ushahidi wa kumpelekea CR. Anayepoteza alama kwa namna hiyo mara moja hatauamini mfumo tena. Kazi inayofuata ataituma kwa barua pepe pia na atachapisha nakala ya karatasi kwa tahadhari. Kusogeza mwisho wa kukusanya kazi hadi saa kumi jioni, wakati ofisi ya TEHAMA iko wazi, hakugharimu shilingi hata moja.

12. Kozi za bure zenye vyeti huwavutia wanafunzi kiasi gani?

Huwavutia sana kujiandikisha, si kumaliza. Watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichambua kozi za mtandaoni za MIT na Harvard, vyuo vikuu vya Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2019: katika mwaka wa 2017–18, waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 tu ya washiriki wote. Miongoni mwa waliolipia cheti kilichothibitishwa, waliomaliza walikuwa asilimia 46.

Kwa mwanafunzi wa hapa, kivutio kikuu ni cheti cha kuweka kwenye wasifu wa kuombea kazi, na kwa wa mwaka wa mwisho hilo huwa na nguvu kuliko udadisi. Kikwazo huja kwenye malipo, kwa kuwa majukwaa mengi hudai kadi ya benki. Kadi za mtandaoni zinazounganishwa na akaunti za fedha za simu zimepunguza tatizo hilo, na Coursera ina utaratibu wa kuomba msaada wa ada kwa anayejaza fomu.

13. UVIKO-19 ulibadilisha nini?

Uliwafanya watu wajaribu. Haukuwafanya wote wabaki. Vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo huo, muda mfupi kiasi kwamba vingi vilirejea darasani kabla ya kujenga mazoea mapya. Kenya, ambako masomo ya ana kwa ana yalisimama kwa muda mrefu zaidi, vyuo vililazimika kufundisha mtandaoni kwa miezi mingi. Matumizi ya lazima hufundisha namna ya kutumia, lakini lazima ikiondoka, kinachobaki ni sababu zilizotajwa katika swali la 2.

14. Beji, pointi na mashindano husaidia?

Husaidia kwa mambo ya kurudiarudia, kama msamiati wa lugha au majina ya mifupa, na kwa wiki za mwanzo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandaa tasnifu hahitaji nyota ya dhahabu.

15. Je, chuo kiwalazimishe?

Kinaweza kulazimisha kuingia, hakiwezi kulazimisha kujifunza. Mahali ambapo alama hutolewa kwa kila mchango kwenye majadiliano, jukwaa hujaa sentensi za “nakubaliana na mwenzangu aliyetangulia”. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, ambao nadharia yao ya motisha inatambulika sana, husema binadamu huhitaji uhuru wa kuchagua, hisia ya kuweza na ukaribu na wengine. Shurti huondoa la kwanza. Hata hivyo kuna shurti inayokubalika, nayo ni kuwa na mahali pamoja pa kukusanyia kazi. Wanafunzi huilalamikia wiki mbili, kisha huizoea kwa sababu inawapunguzia safari za kwenda kumtafuta mhadhiri ofisini.

## Hali za pekee

16. Wanafunzi walio kazini wana sababu tofauti?

Ndiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa na kina vituo mikoani. Kwa mwalimu wa sekondari aliye mbali na kituo, simu huokoa nauli, siku ya ruhusa na kitanda cha kulala wageni. Huyu huvumilia programu mbovu ambayo kijana wa bwenini angeitupa. Anachodai ni ratiba isiyobadilishwa ghafla, maana hupanga masomo yake kati ya vipindi vya kufundisha na majukumu ya nyumbani.

17. Wanafunzi wasioona je?

Simu za Android huja na TalkBack, inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo, na kwa wengi kifaa hiki kimekuwa mlango mpana kuliko kitini cha karatasi. Mlango huo hufungwa na jambo dogo: mhadhiri anayepiga picha kurasa za kitabu na kuzipakia kama PDF. Kwa TalkBack, faili hilo ni picha isiyo na maneno. Maandishi yaliyochapwa hasa, yenye vichwa vilivyowekwa kwa utaratibu, humwezesha mwanafunzi huyo kusoma peke yake bila kumwomba mwenzake amsomee.

18. Kwa masomo ya vitendo, simu ina faida?

Faida yake ni kabla na baada. Mwanafunzi wa uuguzi au maabara akitazama utaratibu kwenye simu mara mbili kabla ya kuingia, huingia akijua kitakachofuata. Mikono yake bado itahitaji kifaa halisi na mkufunzi wa kumsahihisha.

19. Programu za akili mnemba zinabadilisha motisha?

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi amepata mahali pa kuuliza usiku wa manane bila aibu, haja ile ile iliyotajwa katika swali la 9. Hilo linaeleza kasi ya kukubalika kwake kuliko tamaa ya kudanganya, ingawa udanganyifu upo. Kwa programu za vyuo maana yake ni kwamba jukwaa lisilojibu swali kwa wiki tatu sasa lina mshindani anayejibu kwa sekunde, wakati mwingine kwa makosa.

20. Hofu juu ya taarifa binafsi huwazuia?

Wachache hukataa kwa sababu hiyo, lakini hofu huongezeka pale programu ya mtihani inapoomba kuwasha kamera ndani ya chumba wanacholala watu wanne. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na chini ya sheria hizi chuo hupaswa kueleza kinakusanya nini na kwa madhumuni gani. Maelezo hayo yakiandikwa kwa lugha ya kawaida kwenye ukurasa wa kuingilia, malalamiko hupungua.

21. Na asiye na simu janja kabisa?

Yupo, hata katika vyuo vikubwa, na mara nyingi hasemi. Husoma kwenye simu ya mwenzake wa chumbani, huingia kwenye kompyuta za maktaba, au hutegemea fotokopi. Kwa ngazi ya shule, Eneza Education ya Kenya imewahi kufundisha kupitia ujumbe mfupi kwenye simu za kawaida, jambo linaloonyesha kwamba majaribio mafupi na ratiba vinaweza kumfikia hata mwenye kitochi. Kwa chuo, hatua rahisi ni kuuliza wakati wa usajili nani hana kifaa, swali liwe kwenye fomu badala ya kuulizwa mbele ya darasa, na tarehe za majaribio zitumwe kwa ujumbe mfupi pamoja na kuwekwa kwenye mfumo.